Unaendesha Wewe

"Umemtisha mtoto wa watu, Merv! Ungenikunjia mimi sura hiyo, hata mimi ningetua majanini."

"Mtoto wa watu ana miaka kumi na tisa na amenyoa kondoo wakorofi kuliko mimi. Hatishwi na sura. Hawezi kutua, Noeleen."

"Anaweza!"

"Hawezi. Magurudumu yamegusa chini, ndege ikakata kushoto kama mbuzi aliyeona kabeji, na yeye miguu yake imelala tu. Nisingeshika mimi, tungeing'oa taa ya pembeni."

"Kwangu haijawahi kukata kushoto. Si jana, si juzi, si wiki iliyopita. Ukimwonea mwanafunzi, kubali umemwonea."

Walikuwa ndani ya banda la ndege, na banda lenyewe ni la bati tupu, kwa hiyo kila neno lilikuwa likifika barazani bila kupungua. Noeleen Pascoe alilijua hilo na hakujali. Acha wasikie. Mwaka wa pili huu alikuwa akifundisha urubani kwenye klabu ya Wirrabilla, na hakuna mwanafunzi wake hata mmoja aliyewahi kushindwa jaribio. Alikuwa akilisema hilo mwenyewe, mbele ya watu, bila kuulizwa.

Merv Haddrill ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu. Mwanafunzi hakuweza kuruka peke yake mara ya kwanza mpaka Merv akae naye, amwone, aridhike. Asubuhi hiyo alikaa na Bronte Kettlewell, na hakuridhika. Jambo hilo lingekuwa dogo kama lingetokea faraghani. Lakini baba yake Bronte alikuwa ameacha kondoo wake na kuja kushuhudia. Glenys wa jikoni alikuwa ameleta trei nzima ya keki za chokoleti na nazi. Na pale kwenye ngazi ya baraza palikuwa na ndoo iliyojaa maji mpaka ukingoni, maana ndiyo desturi: anayeshuka kutoka angani baada ya kuruka peke yake mara ya kwanza humwagiwa ndoo nzima, apende asipende. Bronte alikuwa amevaa fulana ya zamani makusudi.

"Sawa," Merv alisema. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. "Mpandishe wewe. Mizunguko mitatu, mie nitawatazama kutoka barazani. Sharti moja tu. Ukishamwambia 'unaendesha wewe', miguu yako ikae sakafuni mpaka injini izimwe. Ukae kama mgeni."

"Miguu yangu hukaa sakafuni siku zote."

"Basi sharti lenyewe halina uzito. Kamwite."

Noeleen alitoka kwa hatua za mtu aliyeshinda. Alimkuta Bronte nyuma ya tangi la maji, macho mekundu, akijifanya anafunga kamba za viatu.

"Inuka, tunapanda tena," alimwambia. "Na ujipanguse hiyo pua. Rubani haendeshi na kamasi."

"Merv amesema..."

"Merv amesema yake. Twende tukamwonyeshe."

Walipofika kwenye ndege Merv alikuwa anatokea mlango wa kulia, akijifuta mikono kwa kitambaa kikuukuu. Noeleen alidhani ni mafuta. Hakuuliza.

Ndege yao ilikuwa ya viti vinne, kuukuu, inayonuka jua na petroli. Mbele kuna viti viwili, na kila kiti kina usukani wake na jozi yake ya makanyagio, ila vimeunganishwa chini kwa chini: ukikanyaga hiki, cha mwenzako nacho kinazama. Kwa hiyo waalimu wa kazi hii wana maneno yao, nayo ni kama kiapo. Mwalimu husema, "Unaendesha wewe." Mwanafunzi hujibu, "Naendesha mimi." Baada ya hapo mwalimu huachia. Ndege haina nafasi ya mabwana wawili.

"Unaendesha wewe," Noeleen alisema mlangoni mwa banda.

"Naendesha mimi," Bronte alijibu.

Wakapaa. Chini yao Wirrabilla ilikuwa kahawia yote, mabwawa yamekauka pembezoni, kondoo wametawanyika kama punje za mchele zilizomwagika. Bronte alikuwa na mabega mapana ya mnyoa kondoo na alikuwa na tabia ya kuongea na ndege: haya mama, taratibu mama, usinifanyie hivyo mama. Noeleen alikunja mikono kifuani. Upepo ulikuwa wa ubavuni lakini si mkali, upepo wa kupepea nguo tu. Ndege ikashuka, ikaelea kidogo juu ya lami, ikagusa. Ikaenda mbele moja kwa moja kama iliyopigiwa mstari.

"Umeona?" Noeleen alisema. "Umeona wewe mwenyewe?"

Bronte alicheka kwa sauti. Wakapaa tena, wakatua tena. Mara ya tatu ilikuwa nzuri kuliko zote, na wakati wanarudi bandani Noeleen alimpungia Merv mkono kupitia dirishani, taratibu, ili auone vizuri.

Injini ilipozimwa Merv alikuwa ameshafika. "Hongera," alimwambia Bronte. "Nenda kanywe chai." Alingoja mpaka msichana amefika mbali. Kisha akamgeukia Noeleen, aliyekuwa ndiyo kwanza ameshuka. "Inua mguu."

"Nini?"

"Inua mguu. Kama farasi anayetiwa kiatu."

Alicheka, akainua. Akatazama chini ya buti yake, na kicheko kikamfia mdomoni. Soli ilikuwa nyekundu. Si kisiginoni, mbele, pale penye vidole. Akainua wa pili. Nao vilevile.

Hakuna mtu wa Wirrabilla asiyeijua ngeu. Ni ile poda nyekundu ambayo kondoo dume hupakwa kifuani msimu wa kupandisha, ili asubuhi mwenye kundi atazame migongo ya majike na kujua nani amepandwa na nani bado. Dume halihitaji kuulizwa. Kila alilolifanya linaonekana kutoka ng'ambo ya bonde.

"Umepaka makanyagio," Noeleen alisema.

"Ya upande wako tu."

"Labda nimegusa wakati wa kupanda."

Merv hakubishana. Alifungua mlango, akamulika tochi chini kwenye giza la miguuni. Kanyagio la kushoto lilikuwa limefutika nusu. La kulia, ndilo lile linaloirudisha ndege inapotaka kukata kushoto, lilikuwa limefutika mpaka chuma kinang'aa.

"Dume naye angeweza kuongea," Merv alisema, "angeapa kwamba alilala peke yake." Lakini hakucheka.

Noeleen alishika mlango wa ndege. Damu ilimpanda usoni hadi masikioni. Alijaribu kukumbuka mguu wake ukisogea, hakukumbuka. Alichokumbuka ni maumivu. Tangu majira ya baridi msuli wa mguu wake wa kulia ulikuwa ukimuuma kila jioni, naye akiukanda kwa dawa ya misuli na kuulaani umri.

Alijua pia tabia hiyo ilianzia wapi. Mwanafunzi wake wa kwanza kabisa, daktari wa mifugo mmoja aitwaye Rodney, alilivunja gurudumu la mbele mbele ya macho yake, yeye amekaa pembeni mikono magotini kama alivyofundishwa. Hakuna aliyeumia, na hakuna aliyemlaumu. Lakini tangu siku ile miguu yake ilikuwa imejiamulia mambo yake. Na kusema kweli hata kabla ya Rodney. Huyu ni mama aliyemkatia mwanawe nyama mpaka mtoto akaanza kuota ndevu. Alipowafundisha watoto wake gari, alikanyaga zulia la upande wa abiria mpaka likatoboka, na nyumba nzima ikawa inamcheka. Yeye naye alicheka. Aliona ni upendo.

"Umejua lini?" aliuliza.

"Yule kijana uliyeniletea kabla ya Bronte. Akiwa nawe, malaika. Akiwa nami, mlevi. Nilimnyoosha kimyakimya nikanyamaza. Na aliyemtangulia vilevile."

"Na aliyemtangulia?"

"Nilidhani itakwisha yenyewe, Noeleen. Nami nimekosea hapo. Kulinda kanyagio ni jambo moja, kila mwalimu hulinda. Wewe unakanyaga. Unakanyaga mapema kiasi kwamba mtoto hajapata hata nafasi ya kukosea."

Kumbe wale wanafunzi wasioshindwa, aliowatangaza kila penye watu wawili, Merv alikuwa akiwashona upya nyuma ya mgongo wake. Alitamani ardhi ya Wirrabilla, ngumu kama ilivyo, ipasuke.

"Sikiliza," Merv alisema, akizima tochi. "Tufunike kombe. Nitasema Bronte anabadilishiwa mwalimu, ni kawaida, watu hubadilishiwa kila siku. Wewe na mie tutakaa pamoja tuirekebishe hiyo miguu. Makanyagio nitayapangusa. Hakuna wa kujua."

"Asante, Merv," alisema. Alisema haraka mno, na wote wawili walilisikia hilo.

Barazani walimpokea kwa makofi. "Zote tatu!" Glenys alipiga kelele. "Nilimwambia Ross hapa, nikamwambia, mwachie Noeleen. Noeleen angemfundisha hata kuku kuruka."

"Kuku anaruka, Glenys," mtu alisema.

"Kuku wangu haruki. Mnene kama mimi."

Noeleen alikaa kwenye kiti cha pembeni, miguu ameikandamiza chini isiinuke hata kidogo. Ross Kettlewell akasimama. Alikuwa mtu mrefu mwenye maneno machache, na kofia aliishika mikononi mbele ya tumbo kama yuko kanisani.

"Mwalimu, nilitaka kukuomba radhi," alisema.

"Mimi? Kwa lipi?"

"Kwa kukuchosha. Tumeona wenyewe. Akiwa nawe anatua vizuri, akitoka mikononi mwako anasahau yote. Ndivyo alivyo huyu, tangu shule. Umefanya yako yote na zaidi. Kichwa chake ndicho kigumu."

"Si kigumu, baba, ni kibovu," Bronte alisema kutoka mlangoni. Alisema kama mzaha lakini macho yalikuwa yamerudi kuwa mekundu. "Anayeridhia ni Merv, na kwa Merv nimeshindwa. Nimeshaamua. Ndege aendeshe Lachlan. Tulikubaliana kabla ya msimu wa kunyoa, na msimu ndio huu. Mie mikono yangu ni ya sufu, basi."

Ndege aliyoitaja haikuwa ya klabu, ilikuwa ya shamba lao, ya kufuatia kondoo kwenye malisho ya mbali. Ross alikuwa amesema waziwazi: Bronte akiruka peke yake kabla ya kunyoa, ni yake, asiporuka, anapewa binamu yake Lachlan, ambaye tayari alikuwa ameshaanza kuulizia funguo.

"Usikate tamaa," Noeleen alisema. Hata yeye aliisikia sauti yake ilivyokuwa nyembamba.

Bronte alikuja akachuchumaa mbele ya kiti chake, uso kwa uso, kama mtoto anayetaka kuelezwa hesabu.

"Mwalimu, niambie ukweli, mie sikasiriki. Nikiwa nawe, ikigusa chini, inaenda tu. Nasikia kabisa kanyagio linazama chini ya mguu wangu, hata sijafikiri. Nilikuwa nasema, lo, mguu wangu umejua! Sasa na Merv nikangoja mguu ujue, haukujua. Nafanya nini nikiwa nawe ambacho kwa Merv sikifanyi?"

Baraza lote likageuka lisikie jibu. Merv alikuwa akitazama ndani ya kikombe chake cha chai.

"Ni kujiamini tu," Noeleen alisema. "Kwa Merv unapoteza kujiamini."

Bronte alikubali kwa kichwa. Aliliamini jibu hilo mara moja, lote, maana limetoka kwa mwalimu wake. Alijigonga paji la uso kwa kiganja, mara mbili, kwa nguvu. "Mjinga," alijiambia, akainuka.

Mchelea mwana kulia hulia yeye, ndivyo tunavyoambiana. Lakini hapa aliyekuwa analia hakuwa Noeleen. Aliyekuwa analia ni mwana. Yeye alikuwa amekaa kitini na keki mkononi, anapewa pole kwa uchovu, na msichana mwenye akili timamu anakwenda nyumbani akiamini kwamba miguu yake haijui kitu. Alikuwa amemnyima kutua, na sasa amemdanganya kwa nini hakutua. Aibu ya kule bandani ilikuwa ya mtu mmoja kumjua. Hii ilikuwa mbaya zaidi: hakuna aliyeijua, na alitakiwa kuimeza akiwa anatabasamu.

Bronte aliishika ile ndoo kwa mpini. "Niyamwagie mawaridi ya Glenys," alisema. "Angalau yatafaa kitu."

"Weka ndoo chini."

"Eh?"

"Weka ndoo chini, Bronte."

Noeleen aliiweka keki. Alikwenda akakaa kwenye ngazi ya juu ya baraza, mgongo wake umegusa nguzo, akanyoosha miguu yote miwili mbele ya watu, soli nje.

Vichwa vikainama kutazama. Kisha Glenys akaangua kicheko. "Noeleen! Nani amekupanda?"

Kikafuata na kingine nyuma. Halafu Ross, aliyeishi na kondoo maisha yake yote, akasogea karibu, akainama, akaitazama ile ngeu pale ilipokaa, mbele, penye vidole. Akageuza macho kuitazama ndege. Hakucheka.

"Merv aliipaka kwenye makanyagio ya upande wangu," Noeleen alisema. "Kabla hatujapaa. Niliapa miguu yangu iko sakafuni. Tazameni."

"Sielewi," Bronte alisema, lakini alikuwa ameshaanza kuelewa, ilionekana usoni.

"Mguu uliokuwa unajua ni wangu. Lile kanyagio lililozama chini yako, nimelizamisha mimi. Leo, na jana, na wiki nzima. Nilipokwambia ni kujiamini, nimekudanganya, tena sasa hivi, huku nakutazama machoni."

"Kwa hiyo sijawahi kutua?"

"Sijui."

"Hujui? Hata mara moja hujui?"

"Hilo ndilo baya kuliko yote. Sijui ipi ni yako na ipi ni yangu."

Bronte alikuwa bado ameshika mpini wa ndoo. Noeleen alidhani atamwagiwa, na akaona ni haki. Lakini msichana aliiachia, maji yakaruka kidogo.

"Ulikuwa unaniambia naendesha mimi," alisema. "Kila siku unaniambia. Na mie najibu kama mwehu. Naendesha mimi, naendesha mimi! Nimelia nyuma ya tangi asubuhi hii, baba amekuomba radhi, baba yangu, ambaye hajawahi kumwomba radhi hata mama, na wewe umekaa unakula keki!"

"Ndiyo."

"Usiniambie ndiyo!"

"Sina jingine la kukwambia. Ningekuwa nalo ningekwambia." Akamgeukia baba mtu. "Ross, radhi yako nakurudishia. Binti yako hana kichwa kigumu. Hajafundishwa, basi. Mimi sikumfundisha."

Ross aliivaa kofia, akaivua tena. Glenys alikuwa ameufunika mdomo kwa taulo la vyombo.

Merv peke yake ndiye aliyejongea, akakiweka kikombe kwenye ukingo wa baraza. "Tunaweza kuanza kesho, Bronte," alisema kwa upole. "Mtu akilala, akaamka..."

"Si kesho," Noeleen alisema.

Alikuwa ameshaanza kufungua kamba za buti. "Upepo uko vilevile, na yeye ana hasira. Hasira ni nzuri kuliko ile huruma aliyokuwa anajionea. Mpandishe sasa hivi, Merv. Si jaribio, somo. Kaa wewe kiti cha kulia, mwache akosee mpaka mguu wake ujue wenyewe. Mimi nitakaa nyuma."

"Nyuma utafanya nini?" Bronte alimuuliza, kwa ukali.

"Nitazame. Sijawahi kukuona ukitua. Na nyuma hakuna makanyagio."

 Bronte akapita mbele yake, akashuka ngazi, akashika njia ya bandani, mabega mbele. Merv akamfuata.

Noeleen aliziacha buti zake pale juu ya ngazi, zimelala ubavu, wekundu wake nje, kila mwenye macho aone. Akavuka changarawe kwa soksi. Miba ya majani makavu ilimchoma tangu hatua ya kwanza na hakusimama kuichomoa. Alipanda ndege akajipenyeza kiti cha nyuma, magoti yamemfika kifuani, akafunga mkanda.

"Unaendesha wewe," Merv alisema mbele, na akainua mikono yake yote miwili hewani, kisha akaiweka magotini.

Ndege ilisogea, ikayumba kushoto, ikazidi. Mguu wa kulia wa Noeleen ulijitupa mbele wenyewe, kwa nguvu, ukagonga bati la chini ya kiti, na pale haukukuta kitu cha kukanyaga. Akaukunja, akaukalia.

"Naendesha mimi," Bronte alisema, na ndege, ikipepesuka, ikaanza kunyooka.